Upau wa juu wa kivinjari hausomeki baada ya kusasisha mfumo: dalili, visababishi na marekebisho

Malalamiko yanayofuata sasisho kubwa la mfumo endeshi hufanana sana. Kompyuta imejizima na kujiwasha, mtu akafungua kivinjari chake kama kawaida, na kurasa za wavuti zikaonekana vilevile zilivyokuwa jana. Lakini ule ukanda wa juu wenye vichupo, anwani na vitufe umebadilika. Majina ya vichupo yamefifia, au aikoni zimekuwa ndogo mno, au herufi za anwani zina ukungu. Mwenye kompyuta hubonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, ukurasa ukakua, na upau ukabaki ulivyo.

Hilo la mwisho linaeleza kiini cha tatizo. Ukuzaji ule ni wa ukurasa peke yake. Ukurasa huchorwa kwa maelekezo ya tovuti, ilhali upau huchorwa kwa kufuata rangi, ukubwa, fonti na madoido yaliyowekwa kwenye mfumo endeshi. Sasisho likigusa mpangilio mmoja tu wa mfumo, upau huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuonyesha badiliko hilo. Ndiyo sababu pia kuondoa kivinjari na kukisakinisha upya, jambo ambalo wengi hulikimbilia, mara nyingi hakusaidii: kivinjari kipya husoma mipangilio ileile ya mfumo na kuchora upau uleule.

Wala jambo hili si la urembo. Sehemu ya anwani ndiyo inayokuonyesha uko kwenye tovuti gani hasa, na asiyeweza kutofautisha herufi moja na nyingine mahali hapo hawezi kugundua anwani ya kughushi kabla hajaandika nywila yake. Upau usiosomeka urekebishwe mapema, usizoewe.

Vipimo viwili kabla ya kugusa chochote

Kipimo cha kwanza ni picha ya skrini. Kwenye Windows bonyeza vitufe vya Windows, Shift na S kwa pamoja. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na 3. Itume picha hiyo kwenye simu au kompyuta nyingine, kisha uitazame huko. Kasoro ikionekana ndani ya picha, maana yake upau umechorwa hivyo hivyo, na kisababishi kitafutwe katika mandhari (yaani mpangilio wa rangi za mfumo au kivinjari), ukubwa, fonti au kivinjari chenyewe. Picha ikiwa safi kabisa huku skrini yako ikiendelea kuonyesha kasoro, basi tatizo limeingia baada ya uchoraji kukamilika: kichujio cha rangi, mwanga wa usiku, idadi ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) zinazopelekwa kwenye skrini, kebo, au skrini yenyewe. Kipimo hiki hakichukui hata dakika mbili, nacho huondoa nusu nzima ya visababishi, kwa hiyo nashauri kisirukwe hata pale mtu anapodhani anajua tatizo liko wapi.

Kipimo cha pili ni kulinganisha. Fungua programu nyingine yenye menyu na vitufe, kwa mfano ile ya kuvinjari mafaili, halafu fungua kivinjari cha pili. Windows huja na Edge na Mac huja na Safari, hivyo si lazima kupakua kitu. Kasoro ikionekana kila mahali, ni ya mfumo. Ikionekana kwenye kivinjari kimoja tu, ni ya kivinjari hicho au ya wasifu wako ndani yake, yaani mipangilio na nyongeza ulizojiwekea.

Baada ya vipimo hivyo, funga kivinjari kabisa na uwashe kompyuta upya. Kwenye Windows tumia amri ya kuwasha upya badala ya kuzima na kuwasha, kwa sababu pale uwashaji wa haraka unapofanya kazi, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha ilivyokuwa, pamoja na hitilafu yake. Baadhi ya sasisho pia hukamilisha kusakinisha draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kama kadi ya michoro, baada ya kuwasha upya kwa mara ya pili, na upau hurudi sawa bila hatua nyingine.

Kama bado haukusaidika, endelea na dalili inayolingana na yako. Badilisha mpangilio mmoja kwa wakati mmoja, na upige picha ya mpangilio wa zamani kabla hujaubadilisha. Anayebadilisha vitu vitano kwa mkupuo hata akifanikiwa hatajua kilichomsaidia, na akishindwa hatajua cha kurudisha.

Maandishi na aikoni zimefifia au zimezama kwenye rangi ya nyuma

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa sana, na kisababishi chake cha kawaida ni mgongano kati ya mandhari ya mfumo na mandhari ya kivinjari. Sasisho linaweza kuurudisha mfumo kwenye mandhari nyeupe au kuupeleka kwenye mandhari nyeusi, na kivinjari kilichoagizwa kufuata mfumo hubadilika nao. Tatizo huja pale ulipokuwa umeweka mandhari ya kupakua, yenye rangi zilizochaguliwa kwa ajili ya hali ile nyingine. Matokeo yake ni aikoni za kijivu kilichokolea juu ya ukanda mweusi, au jina la kichupo jeupe juu ya ukanda wa rangi ya maziwa.

Kwenye Chrome na Edge, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mwonekano. Rudisha kwanza mandhari ya asili, kisha chagua wewe mwenyewe nyeupe au nyeusi badala ya kuacha kivinjari kifuate kifaa. Kwenye Firefox andika about:addons katika sehemu ya anwani, fungua orodha ya mandhari, na uwashe ile nyeupe au nyeusi inayokuja na Firefox yenyewe. Maandishi yakirudi kusomeka mara moja, kisababishi kimepatikana, na unaweza baadaye kutafuta mandhari nyingine uipendayo.

Kinachofuata kwa wingi siku hizi ni uangavu wa madirisha, yaani ule uchoraji unaoacha vilivyo nyuma ya upau vionekane kwa mbali. Suala hili lilipata uzito zaidi mnamo Septemba 2025, Apple ilipotoa macOS 26 na iOS 26 zenye muundo iliouita Liquid Glass, ambamo pau na vitufe huchorwa kana kwamba ni vya kioo na hupokea rangi ya kilicho chini yake. Njia ya kuthibitisha ni rahisi: fungua ukurasa wenye picha nyeupe na nyeusi, kisha usogeze polepole juu na chini huku ukikazia macho upau. Herufi zikisomeka juu ya eneo moja na kupotea juu ya jingine, kisababishi ni uangavu. Kwenye mipangilio ya Mac, na vilevile ya iPhone, ingia sehemu ya ufikivu (mipangilio ya kuwasaidia wenye mahitaji maalumu), kisha ya skrini, na uwashe swichi ya kupunguza uangavu. Isipotosha, washa pia ile ya kuongeza utofautishaji wa rangi, ambayo huvipa vitufe mipaka inayoonekana. Toleo la 26.1 liliongeza chaguo la kioo kilichotiwa rangi, kisichopitisha sana vilivyo nyuma, na kwa watu wengi hilo linatosha bila kugusa ufikivu. Anayetumia Safari aangalie pia kwenye mipangilio yake kama upau wa vichupo umeagizwa kuchukua rangi ya tovuti, kwa kuwa tovuti yenye rangi hafifu inaweza kuufifisha upau mzima. Kwenye Windows, swichi ya madoido ya uangavu imo katika mipangilio ya ubinafsishaji, sehemu ya rangi.

Mahali hapohapo kwenye Windows kuna kisababishi cha tatu: rangi ya msisitizo, yaani ile ya kupambia vitufe na kingo, kuruhusiwa kupaka pau za vichwa vya madirisha. Kama rangi hiyo inachaguliwa na mfumo kutoka kwenye picha ya eneo-kazi, sasisho likibadilisha picha, rangi hubadilika pia. Ondoa alama kwenye chaguo hilo, au chagua rangi iliyokolea kwa mkono wako.

Cha nne ni mandhari ya utofautishaji mkubwa kuwashwa bila kukusudia. Windows huiwasha kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen zikibonyezwa pamoja. Utaitambua kwa sababu hugusa kila kitu, hadi kurasa zenyewe: rangi za nyuma hutoweka, na maandishi hubaki katika rangi chache kali. Vitufe hivyohivyo huizima. Kama kompyuta inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, uliza kwanza, kwa sababu kuna wanaoitegemea mandhari hiyo ili waweze kuona.

Cha mwisho, ambacho ni nadra lakini husumbua wajuzi, ni faili la zamani la kubadilisha mwonekano wa Firefox liitwalo userChrome.css. Tangu toleo la 69 la mwaka 2019 Firefox hailisomi faili hilo mpaka uiruhusu, na aliyewahi kuiruhusu husahau kwamba ameiruhusu. Fungua Firefox huku umeshikilia Shift kwenye Windows, au Option kwenye Mac, kisha ukubali hali ya utatuzi. Humo faili hilo, viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) na mandhari zote huwekwa kando. Upau ukisomeka katika hali hiyo, tatizo limo ndani ya wasifu wako.

Huenda mtu akajiuliza ni wakati gani upau unahesabiwa kuwa umefifia kweli na si macho yake tu. Kipimo kipo. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG, toleo la 2.1 la mwaka 2018, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofautishaji usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma, na vitufe pamoja na aikoni zisizopungua 3 kwa 1. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya kurasa, lakini jicho linalosoma upau ni lilelile. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1; kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinavuka 4.5 kwa shida. Kwa kutumia picha yako ya skrini na kikokotoo chochote cha utofautishaji unaweza kupima herufi za kichupo chako. Hakikisha tu kwamba dirisha unalolipima ndilo linalotumika wakati huo, maana mifumo mingi hufifisha kwa makusudi maandishi ya dirisha lililo nyuma, na hilo si kasoro.

Upau umekuwa mdogo mno au mkubwa mno

Hapa anza na kiwango cha ukuzaji cha mfumo mzima. Kwenye Windows kimo katika mipangilio ya skrini, na huandikwa kwa asilimia: 100, 125, 150 na kuendelea. Draiva mpya ya michoro inaweza kuitambua skrini upya na kurudisha kiwango kinachopendekezwa, ambacho si lazima kiwe ulichokuwa nacho. Aikoni ya pikseli 16 huwa na pikseli 20 kwenye asilimia 125 na pikseli 24 kwenye asilimia 150. Ukishuka kutoka 150 hadi 100 umepoteza theluthi moja ya upana wa kila kitufe, na macho yanayolalamika yana haki. Kama una skrini mbili, angalia kila moja peke yake, kwa sababu kila moja ina kiwango chake, kisha uburute dirisha la kivinjari kutoka skrini moja hadi nyingine uone linavyobadilika.

Windows ina pia kitelezi cha ukubwa wa maandishi katika sehemu ya ufikivu, kinachofika asilimia 225. Hicho hukuza maandishi bila kukuza nafasi inayoyabeba, kwa hiyo kikipandishwa sana majina ya vichupo hukatwa katikati au hupandana na aikoni. Asiyehitaji maandishi makubwa sana apandishe kiwango cha skrini nzima badala ya kitelezi hiki. Kwenye Mac, ukubwa huchaguliwa katika mipangilio ya skrini, kati ya maandishi makubwa na nafasi zaidi.

Ikiwa programu nyingine zote ziko sawa na ni kivinjari tu kilicho kidogo, kagua msongamano wa upau. Kwenye Firefox bofya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuurekebisha, na utazame chini ya dirisha. Mpangilio wa kubana uliondolewa kwenye orodha ya kawaida katika toleo la 89, Juni 2021, lakini aliyekuwa nao aliruhusiwa kuendelea nao, na wapo ambao bado wanao. Firefox pia ina kipengele kiitwacho layout.css.devPixelsPerPx ndani ya about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani unaofunguliwa kwa kuandika jina hilo katika sehemu ya anwani. Thamani yake ya asili ni -1.0, yaani kufuata mfumo; ukiandika 1.25 kwenye mfumo ulio katika asilimia 100, upau na kurasa hukua kwa robo. Panda kidogokidogo, kwa kuwa ukiandika namba kubwa kama 10 upau utajaa skrini nzima na kitufe cha kurudisha hakitafikika. Chrome haina mpangilio wa namna hiyo kwenye menyu zake, ila njia yake ya mkato kwenye Windows inaweza kuongezewa maneno --force-device-scale-factor=1.25. Kama mtu aliwahi kuyaweka maneno hayo miaka iliyopita na sasisho likabadilisha kiwango cha mfumo, hicho ndicho kisababishi: yafute.

Maandishi ya upau yana ukungu

Rudi kwenye picha ya skrini. Ikiwa picha ni kali kuliko unachokiona, hakikisha idadi ya pikseli zinazopelekwa ni ile ya asili ya skrini, mfano 1920 kwa 1080, ambayo Windows huiandika kuwa inayopendekezwa. Skrini ya paneli ina pikseli zisizohamishika, na ikipokea idadi nyingine hulazimika kuzikisia.

Wanaotumia runinga kama skrini wana kisababishi chao: baada ya sasisho, draiva inaweza kuanza kupeleka ishara iliyopunguzwa rangi, ambayo kwenye filamu haionekani lakini kwenye maandishi inaonekana wazi. Andika neno kwa herufi nyekundu juu ya rangi nyeusi. Kingo zake zikipakaa pembeni huku herufi nyeupe zikiwa kali, ingia kwenye programu ya kadi ya michoro uchague RGB kamili, yaani rangi zisizopunguzwa, na kwenye runinga uchague hali ya kompyuta.

Kama ukungu umo ndani ya picha pia, na uko kwenye kivinjari kimoja tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba Windows inakichora kivinjari kwa ukubwa mdogo kisha inakivuta. Funga kivinjari, bofya njia yake ya mkato kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, kisha sehemu ya upatanifu, na ukague mpangilio wa skrini zenye pikseli nyingi. Kama kuna alama iliyowekwa ya kuuachia mfumo kazi ya ukuzaji, iondoe. Ukungu ukiwa kwenye kila programu, tafuta ClearType, zana ya Windows ya kunoa maandishi, kwenye menyu ya kuanzia, ufuate hatua zake za kuchagua maandishi yanayosomeka vizuri zaidi.

Kwenye Linux tatizo hili hujitokeza hasa baada ya kuhamia Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha, na kiwango cha ukuzaji kisicho namba kamili, kama asilimia 125, huku kivinjari kikiendelea kufanya kazi kupitia mfumo wa zamani wa X11. Firefox imetumia Wayland moja kwa moja tangu toleo la 121 la Desemba 2023. Andika about:support na usome mstari wa itifaki ya dirisha. Ukiona x11 humo, umepata pa kuanzia.

Watumiaji wa Mac wenye skrini za nje za kawaida, zisizo na pikseli nyingi, wanapaswa kujua kwamba macOS iliacha ulainishaji wa herufi kwa pikseli ndogo tangu Mojave ya mwaka 2018. Herufi nyembamba kwenye skrini hizo si hitilafu ya sasisho lako la leo, na hakuna swichi ya kivinjari itakayozirudisha zilivyokuwa. Skrini yenye pikseli nyingi ndiyo tiba ya kweli.

Upau ni mweusi mtupu, unapepesa, au herufi zimekuwa visanduku

Upau mweusi au unaopepesa, hasa ukirudi sawa unapobadilisha ukubwa wa dirisha, mara nyingi ni ugomvi kati ya draiva mpya na uchoraji unaofanywa na kadi ya michoro. Kwenye Windows bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itazima kwa sekunde chache, na draiva itaanza upya bila kufunga kazi zako. Likijirudia, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya mfumo kwa Chrome au ya utendaji kwa Firefox, uzime matumizi ya kadi ya michoro, kisha ukifunge na kukifungua tena. Nisisitize kwamba hiyo ni njia ya kuthibitisha tu, si makazi ya kudumu, kwa sababu video zitaanza kulemea kichakataji na betri. Ikithibitika, sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Kama draiva mpya ndiyo iliyoleta tatizo, fungua kidhibiti cha vifaa, chagua kadi, na utumie kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani iliyohifadhiwa. Aliyewahi kuwasha vipengele vya majaribio kwenye chrome://flags avirudishe vyote kwanza kwa kitufe kilichopo juu ya ukurasa huo.

Visanduku mahali pa herufi vina maana mbili. Vikionekana kwenye vichupo vya lugha fulani tu, fonti za lugha hiyo hazipo, na Windows huzitoa kama vipengele vya hiari. Vikionekana kila mahali, hifadhi ya fonti ya mfumo au fonti yenyewe imeharibika, na hilo huhitaji ukaguzi wa mafaili ya mfumo.

Tahadhari kubwa hapa: usipakue kamwe fonti inayotolewa na dirisha lililojitokeza ndani ya ukurasa likidai kwamba herufi zako zina kasoro. Mwaka 2017 ulaghai wa namna hiyo uliharibu kwanza maandishi ya ukurasa kwa makusudi, kisha ukawaambia watumiaji wa Chrome kwamba fonti ya HoeflerText haikupatikana, na kilichopakuliwa kilikuwa programu hasidi. Kivinjari hakiombi fonti kwa njia hiyo. Ukishabofya faili la aina hiyo, tenganisha kompyuta na intaneti na umwite fundi kabla ya kuandika nywila yoyote.

Rangi zote zimegeuka: za manjano, za kijivu au zilizopauka

Dalili hii huisha haraka. Manjano ni mwanga wa usiku, ambao sasisho linaweza kuupangia saa upya. Kijivu kwenye kila kitu ni kichujio cha rangi. Kwenye Windows huwashwa na kuzimwa kwa Windows, Ctrl na C pale njia hiyo inaporuhusiwa. Kupauka kwa jumla kwenye skrini inayokubali HDR, yaani picha zenye mwangaza mpana zaidi, huja pale HDR inapojiwasha: bonyeza Windows, Alt na B kuizima, au uongeze mwangaza wa maudhui ya kawaida kwenye mipangilio yake. Viwili vya kwanza kwa kawaida havionekani ndani ya picha ya skrini.

Kurudisha toleo lililotangulia

Ikiwa hatua zote zimeshindwa na una uhakika tatizo lilianza siku ya sasisho, Windows huruhusu kurudi kwenye toleo lililotangulia ndani ya siku 10 za kawaida baada ya sasisho kubwa, kupitia sehemu ya urejeshaji, na sasisho dogo linaweza kuondolewa kupitia historia ya masasisho. Hifadhi nakala ya mafaili yako kwanza. Mimi huiweka hatua hii mwisho kwa makusudi: kuondoa sasisho ni kuondoa pia viraka vya usalama vilivyokuja nalo, na upau uliofifia si sababu ya kutosha kuacha mlango wazi kwa muda mrefu. Kwenye Mac kurudi nyuma kunahitaji kufuta na kusakinisha upya, kazi ambayo asiifanye asiye na nakala kamili.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Acha mara moja ikiwa mistari, mabaka au kupepesa kunaonekana hata kwenye menyu ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla mfumo haujawaka; hapo programu haihusiki, na kinachotakiwa ni kupima skrini, kebo yake ya ndani au kadi ya michoro. Acha pia ikiwa picha inabadilika unapofungua na kufunga mfuniko wa laptopu, au ikiwa kompyuta imevimba chini ya kibodi, maana betri iliyovimba ni hatari na haifai kuchajiwa wala kubonyezwa.

Kompyuta ya kazini ambayo kivinjari chake kinaandika kwamba kinasimamiwa na taasisi yako iachwe kwa wahusika wa teknolojia wa taasisi hiyo, kwa kuwa mandhari na viendelezi vinaweza kuwa vimefungwa kwa sera, na utakachobadilisha kitarudishwa. Ujumbe huohuo ukiuona kwenye kompyuta yako binafsi, ambayo hukuikabidhi kwa yeyote, kagua viendelezi na programu zilizosakinishwa karibuni. Ukikuta usichokitambua, mpe fundi. Usihariri rejista ya Windows, ambamo mipangilio ya ndani ya mfumo huhifadhiwa, kwa kufuata maelekezo ya mtu usiyemjua, na usimruhusu aliyekupigia simu bila kuombwa aiongoze kompyuta yako kwa mbali.

Na ikiwa skrini zote unazozitazama, pamoja na maandishi ya karatasi, zimeanza kuonekana na ukungu kwa ghafla, onana na daktari wa macho siku hiyohiyo.

Unapompelekea fundi kompyuta, mpe picha ya skrini na picha ya skrini hiyohiyo iliyopigwa kwa simu, namba kamili ya toleo la mfumo na la kivinjari, tarehe ya sasisho, na nakala ya ukurasa wa about:support kwa Firefox au chrome://gpu kwa Chrome. Mweleze pia ulichokwisha kubadilisha, hata kama umekirudisha.